Sifa za Koti la Kitini

Koti la kitini ni mtumishi wa ofisi za Nairobi asiyewahi kupewa barua ya ajira. Hutundikwa asubuhi mgongoni mwa kiti, mabega yamenyooka, likakaa hapo hadi jioni bila kuomba ruhusa ya kwenda chai. Hakuna mfanyakazi aliyejitolea kwa mwajiri kulizidi.

Makao yake ya asili ni ofisi za serikali za Harambee Avenue na mitaa jirani. Ustawi wake lazima uishukuru Tume ya Ndegwa, ambayo ripoti yake ya 1971 iliwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara zao binafsi. Afisa akawa na kazi mbili na mwili mmoja. Alipokwenda kukagua duka Kawangware au ploti Dagoretti, koti lilibaki likilitumikia taifa. Mgeni akiulizia, karani hulitupia jicho kwanza, kisha hujibu: "Yuko, ametoka kidogo."

Stadi huwa na makoti mawili, la kuvaa na la kazi. Hili la kazi hununuliwa soko la mitumba la Toi, na kinachotazamwa ni mabega, si bitana. Kalamu mfukoni huliongezea cheo. Miwani juu ya faili lililofunguliwa huwa karibu sawa na kupandishwa daraja. Mkubwa anayepima bidii kwa kuhesabu viti hupata alichohesabu, tena kwa bei nafuu: koti halisengenyi, halidai marupurupu, haligomi.

Maadui hawakukosekana. Mashine ya alama za vidole hailitambui. Katika vituo vya Huduma, vilivyoanza 2013, afisa hutazamana na foleni ya wananchi, na koti halijui kugonga muhuri. Huko Westlands, kwenye ofisi za vioo kando ya Waiyaki Way, vijana hawavai makoti. Nafasi yake ilichukuliwa na laptopu iliyoachwa wazi pembeni ya kikombe cha kahawa, na baada ya korona, na kidoa cha kijani cha "yuko mtandaoni" kwenye skrini. Kidoa ni mwanafunzi dhaifu, kwani kinamfuata mwenyewe hadi nyumbani. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alilazimika kupendekeza mswada wa kumruhusu mfanyakazi asijibu simu wala ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi, na shirikisho la waajiri likaupinga. Koti halikuhitaji mswada. Saa nne za usiku, mkubwa hakuwa na namba ya kulipigia.