Chui Anayetazama Jikoni

Nyumbani kwangu siku hizi kitu chochote kinachopitisha mwanga hakina usalama. Kilianza kioo cha fremu ya picha yetu ya harusi. Mimi na Mama Neema tumebaki ukutani bila kinga, nzi wanatembea juu ya suti yangu ya kuazima, na kioo chetu kina twiga. Vikafuata vile vioo vya luva nilivyovihifadhi stoo tangu tulipoweka madirisha ya aluminiamu. Nilikuwa nasema ipo siku vitafaa. Vimefaa. Sasa vina tembo, na kwa kuwa luva ni kipande chembamba na kirefu, tembo wenyewe wamevutwa mpaka wamekuwa mamba wenye mkonga.

Nikilalamika, jibu ni moja: "Baba Neema, hii ni biashara." Na kweli, mtaji umetoka kwenye kikoba, kwa hiyo nikipinga sana nitakuwa napingana na akina mama thelathini.

Mwanzoni Mama Neema alikuwa anachora kwenye hadibodi, kwa mtindo wa tingatinga, na sikuwa na neno. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli, alituachia kazi yenye utaratibu wa kueleweka. Unapaka rangi ya nyuma, unamweka mnyama, unamalizia na madoa na macho. Alifariki mwaka 1972, hata miaka mitano hakuimaliza katika kazi hiyo, lakini waliomfuata wangali pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanachora na kuuza. Hadibodi ukiikosea unaipaka upya. Ikidondoka unaiokota na kuendelea na maisha.

Kioo hakina huruma hiyo. Picha inachorwa nyuma ya kioo ili itazamwe kwa mbele, kwa hiyo rangi inayotangulia ndiyo inayokaa juu milele, na inayofuata inajificha nyuma yake. Kila kitu kinageuka. Ukitaka chui, huanzi na chui. Unaanza na kile kidoa cheupe cha mwanga ndani ya jicho lake. Halafu mboni, halafu njano ya jicho, halafu masharubu, halafu madoa yote yakiwa yanaelea hewani bila mwenyewe. Ngozi inakuja baadaye, nyasi baada ya ngozi, na mbingu mwisho kabisa. Kitabu cha Mwanzo kinaanza na mbingu na nchi, wanyama wakafuata siku za mbele. Mama Neema anaanza na masharubu.

Sasa tuzungumzie huyo chui. Aliagizwa na mama mmoja wa kikobani kwa ajili ya ukumbi wake mpya. Kidoa cha mwanga kikawekwa, mboni moja ikawekwa, umeme ukakatika. Uliporudi saa nne za usiku, mtu amechoka, mazoea ya hadibodi yakamrudia mkononi: akapaka ngozi yote ya njano, ikakauka, ndipo akaanza kuweka madoa na macho yote mawili kwa ustadi wa hali ya juu. Kwa nyuma, chui yule ni kazi ya makumbusho. Kwa mbele, ni njano tupu yenye jicho moja.

Mwenye oda alikataa. Kumtupa haikuwezekana, maana rangi ni ghali. Basi akapachikwa kwenye kile kidirisha cha kupitishia vyakula kati ya sebule na jikoni, uso wake mzuri ukiwa upande wa jikoni. Wapishi wanatazamwa na chui mkamilifu, mimi mwenye nyumba ninayelipia ving'amuzi na ada za shule nimekaa kwenye kochi natazama njano. Mgeni akiuliza, nimeagizwa niseme ni machweo ya Serengeti.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kupita mahali akaacha kusahihisha, alikuja akamchungulia kwa upande wa jikoni. "Shikamoo Mwalimu," nikamwambia, nikijua kinachokuja. "Marahaba. Huyu ni chui au duma?" Nikamwambia ni chui. Akasema doa la chui lina uwazi katikati, mfano wa ua, na la duma limejaa, tena duma ana mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, na huyu anayo. Mama Neema akanyamaza. Kwenye vioo vyake vingine, vilivyochorwa kwa utaratibu, michirizi ya machozi hufanywa miongoni mwa vitu vya mwanzo, na kilichofanywa mwanzo hakisahihishwi ila kwa wembe, kwa kukwangua kila kitu kilicho juu yake. Wembe wenyewe ni wa kwangu. Nyembe zangu za ndevu zinanyoa vifaru, nami natoka kwenda kazini na mashavu ya mkaa.

Kabla ya kuchora, kioo husafishwa kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya kidole tu yanatosha kufanya rangi ibanduke baadaye. Hivyo watu wote wa nyumba hii tumetangazwa kuwa na mafuta. Hatugusi meza ya chakula, ambayo ndiyo karakana. Tunakula kwenye mikeka, wali una harufu ya tina, na hakuna kuwasha feni kwa sababu itapeperusha vumbi kwenye rangi mbichi. Rangi ya mafuta inachelewa kukauka, na mbu nao hawana subira. Mmoja alinasa kwenye rangi ya kwanza kabisa ya nyati, mahali ambapo hakuna tena cha kumfunika. Mzungu aliyekuja na mwenyeji wake akauliza kama ile ni mbung'o. Mama Neema akasema ndiyo, akapandisha bei.

Ninachoshindwa kabisa kuelewa ni ladha za wateja. Wageni wanataka wale watano tu: simba, chui, tembo, nyati na kifaru. Orodha hiyo ilitungwa na wawindaji wa zamani, wakihesabu wanyama waliokuwa hatari zaidi kuwawinda kwa miguu, leo inatumika kupambia vyoo vya hoteli. Serengeti kuna nyumbu zaidi ya milioni moja, na hapa nyumbani hajaagizwa hata mmoja. Fisi ndiyo usiseme. Na wenyeji? Wenyeji wanataka chui milia! Mnyama ambaye Afrika nzima hayumo porini, kwao ni Asia, lakini kwa kuwa yuko kwenye blanketi la kila kitanda kuanzia Mbagala hadi Mwanza, tumemkubali kuwa raia. Mama mmoja alimwonyesha Mama Neema blanketi lenyewe ili asikosee.

Mimi si mtu wa kudharau sanaa ya vioo, isije ikaonekana hivyo. Wenzetu wa Senegal wameifanya kwa miaka mingi hata ikawa fahari yao. Kuna picha moja wanaipenda sana, ya Sheikh Amadou Bamba, ambaye Wafaransa walimpeleka uhamishoni Gabon mwaka 1895. Inasimuliwa kwamba walimfungia na simba mwenye njaa, simba akalala miguuni pake. Ni kisa kizuri na picha zake zina adabu: simba anajua amtazame nani.

Tena wanyama wenyewe mimi nimewazoea kupitia kioo. Wengi wetu tumeona tembo kwa dirisha la basi, barabara ya Iringa inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, dereva akipunguza mwendo kwa kuogopa faini na utingo akitukataza kutupa maganda ya ndizi nje. Pale kioo kinakuwa na matope, tembo anakuwa na mkonga wa kawaida, na hakuna anayenidai hela ya brashi.

Sasa limezuka hili la bucha. Mwenye bucha wa mtaani ameona tembo wa luva, amevutiwa, anataka kioo cha mbele cha duka lake kichorwe. Yeye anataka ng'ombe. Mama Neema anasema yeye ni mchoraji wa wanyamapori, akishuka mpaka ng'ombe atapoteza jina. Akampa pendekezo la nyati. Mwenye bucha akashika kichwa: mteja akiona nyati pale kiooni atauliza kilo bei gani, na askari wa wanyamapori atafuata nyuma yake kuuliza leseni. Mjadala ulichukua jioni nzima, soda mbili zikanywewa kwa hesabu yangu, wakakubaliana ng'ombe, lakini mwenye pembe za heshima.

Chini yaandikwe NYAMA SAFI, na kwa kuwa anaandika kwa nyuma, inabidi aandike kinyume ili mtu wa barabarani asome sawasawa. Herufi Y, A na M hazimsumbui, zinafanana pande zote. N, S na F ndizo zinazomtoa jasho. Nimeona alipofikia jana usiku. Pembe ni za nyati, hakuna ubishi, na jicho la kushoto lina michirizi ya machozi ya duma. Mwenye bucha anakuja Jumamosi kuchukua kioo chake, na huwa anakuja na panga la kazi kiunoni. Nimeshaaga kwamba Jumamosi nina msiba Bagamoyo. Marehemu ni nani nitajua nikifika.