Mlezi Wangu, Faili la Mipangilio

Wapo wanaousifu mnazi, wapo wanaomsifu ng'ombe, na bosi wangu wa zamani aliweza kuusifu mkutano wa Jumatatu mpaka chakula kikapoa. Mimi nasifu mistari kumi na miwili iliyomo katika faili ambalo hakuna mtu ofisini anayekiri kuliandika. Kazi yake ni kuiambia programu namna ya kugeuza data kuwa JSON inapotoka, na namna ya kuirudisha kuwa data inapoingia. Basi. Kwa mistari hiyo nimelipa ada za watoto.

JSON yenyewe haina makuu. Mmarekani Douglas Crockford, aliyeipa jina na kuieneza mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliipa sarufi inayoenea ukurasa mmoja. Mkato baada ya kitu cha mwisho katika orodha ni haramu. Maelezo ya pembeni aliyaondoa makusudi, kwa kuwa aliona watu wanayatumia kupenyeza maagizo. Tarehe hakuitia kabisa. Mungu ambariki, maana alichokiacha yeye kila mtu hujiamulia, na sijaona wawili walioamua sawa.

Chukua siku ya kuzaliwa. Mama mmoja Dar es Salaam amejaza fomu: 5 Machi 1990. Programu yetu haikupewa mahali pa kuweka siku isiyo na saa, kwa hiyo inamwongezea saa sita kamili ya usiku. Kisha inashikwa na adabu za kimataifa na kuhesabu kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kinachotoka ni 1990-03-04T21:00:00Z. Programu ya upande wa pili, isiyo na muda wa kupoteza, inakata kila kinachofuata ile herufi T, na kitambulisho kinachapwa Machi 4. Wageni hulalamika kwamba saa za Kiswahili zinawachanganya. Sawa, tunatofautiana nao kwa saa sita, lakini hatujamnyang'anya mtu siku aliyozaliwa.

Na hiyo ni njia moja tu. Jackson, maktaba inayopendwa na watu wa Java, katika toleo lake la 2 huhesabu milisekunde tangu 1 Januari 1970 usipoiambia vinginevyo. Mama yuleyule, usiku uleule, sasa anaitwa 636584400000. Nani mwingine angempa mtu jina la heshima namna hiyo?

Namba nazo zina baraka zake. JSON hairuhusu namba kuanza na sifuri, hivyo simu yako ya 0712 na kuendelea, ikichukuliwa kuwa namba, inafika bila kichwa. Namba ikizidi 9007199254740991, JavaScript haiahidi tena kitu: ipelekee inayoishia na 993, itakurudishia inayoishia na 992, bila haya. Twitter walilijua hilo mwaka 2010, wakaanza kupeleka kila kitambulisho cha ujumbe mara mbili, mara kama namba, mara kama maandishi. Kuhusu majina sisemi mengi. Wa Java huandika kwa nundu za ngamia, nambaYaSimu. Wa Python hutambaa kama nyoka, namba_ya_simu. Na mimi hulipwa kuwapatanisha ngamia na nyoka.

Lakini nimpendaye kuliko wote ni bawabu. Jackson hiyohiyo ya toleo la 2 ina swichi inayokataa jina lisilofahamika, nayo huja ikiwa imewashwa. Mfikirie bawabu wa ukumbi wa harusi. Kadi yako ni ya singo, umekuja na shemeji. Bawabu wa kawaida angemzuia shemeji. Huyu anawarudisha nyumbani wewe, shemeji, basi zima mlilopanda, na keki.

Asubuhi moja jirani zetu wa mfumo wa pili waliongeza kitu kimoja mwishoni mwa taarifa za mteja: jinaLaUtani. Hawakumwambia mtu, na kwa nini waseme, si nyongeza tu? Kufika saa mbili na nusu hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa anaingia kwetu. Wakubwa walishuka ghorofani, jambo ambalo hawalifanyi hata siku ya mishahara. Nililikuta lile faili saa tano na robo, nikabadili neno moja, true likawa false, milango ikafunguka. Nilipigiwa makofi na kuletewa soda na sambusa mbili.

Sikuwaambia kwamba bawabu aliyelala hamzuii shemeji, lakini pia hamwoni mwenye harusi akipita na jina lililokosewa. Mwezi uliofuata kijana mmoja wa kule kwa jirani aliandika nabmaYaSimu. Hakuna kilicholia. Jina geni likapuuzwa, mahali pa simu pakaandikwa null, na kwa wiki mbili wateja wapya wote walikuwa watu wasio na simu. Jana usiku saa nne wamenipigia tena. Niliiacha simu iite mara tatu, nisionekane nina hamu.