Breki Zipo, Ila Uzisalimie Kwanza

Dar es Salaam gari haliazimwi bila mhadhara. Mlango wa nyuma kushoto unafunguliwa kwa nje tu. Kioo cha dereva usikishushe, hakitapanda. Geji ya mafuta ni mwongo, usiiamini. Yote hayo nayapokea kwa unyenyekevu, kwani mwazimaji hachagui. Kinachonichefua ni kipengele cha mwisho, ambacho mwenye gari hukitaja akiwa ameshanipa mgongo: "Halafu shem, breki zipo, ila uzisalimie kwanza."

Kuzisalimia maana yake ni hivi: ukikanyaga mara ya kwanza pedeli inazama mpaka kwenye kapeti. Ya pili inaitika kwa mbali. Ya tatu ndipo gari linakumbuka lina breki. Nilimuuliza shemeji kama bajaji zilizoko mbele yangu nazo zimeelezwa utaratibu huu wa salamu. Akanijibu kwamba yeye ana miaka na gari lake na hajagonga mtu, kwa hiyo mimi nina wasiwasi wa kisomi.

Basi na uwe wa kisomi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki 1662 bila kuona gari hata moja, alishalimaliza jambo hili: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa pande zote, kanieneo inafika kila kona bila kupungua. Ndiyo siri yote ya breki. Chukua mguu wangu huu mwembamba unasukuma kwa uzito wa kilo 20. Pedeli ni wenzo; tuseme unazidisha mara tano, zikawa kilo 100. Kilo hizo zinatua kwenye pistoni ya masta silinda yenye eneo la sentimita za mraba 4, yaani kilo 25 kwa kila sentimita ya mraba. Mafuta yanazibeba hivyohivyo hadi kwenye gurudumu, ambako pistoni ya kalipa ni kubwa, tuseme sentimita za mraba 24. Zidisha: kilo 600 zinaibana diski. Na gurudumu la pili la mbele linapata zake 600, bila kugombania za mwenzake. Mimi ambaye mtungi wa gesi naubeba kwa kupumzika kila ngazi!

Lakini hakuna cha bure. Nguvu ikiongezeka, mwendo unapungua. Pistoni zile mbili zikisogea nusu milimita tu, masta silinda imeshasafiri milimita 6, na mguu wangu umeshuka sentimita 3. Hesabu imebana kiasi hicho, na ndiyo maana hewa haitakiwi humo ndani hata kwa dawa. Hewa ni daladala ya asubuhi kwa macho ya konda: sukuma, sogeeni nyuma, nafasi bado ipo. Mafuta ni ileile daladala kwa macho ya abiria: imejaa, ukimsukuma mtu mlangoni, mwingine anatokea dirishani. Breki inamtaka huyo wa dirishani. Katika mfano wangu, hewa isiyojaza nusu kijiko cha chai inakula karibu sentimita mbili na nusu za pedeli kabla gurudumu halijapata habari yoyote. Salamu ya kwanza ya shemeji inaishia humo.

Ukimwambia atoe upepo, anasema ataongeza mafuta. Kila mwezi anaongeza. "Gari hili linakula sana mafuta ya breki," ananiambia kwa fahari, kana kwamba anasifia hamu ya kula ya mtoto wa mtu. Shem, mafuta ya breki hayaliwi! Hayaungui wala hayatoki kwenye ekzosi. Yakishuka, ama pedi zimelika na pistoni zimetoka nje kuzifuata, mafuta yakaenda kujaza nafasi, ama yanavuja mahali. Hakuna jibu la tatu. Lakini shemeji hana haja na jibu, ana kopo.

Na hilo kopo usiliulize lina nini. Nimeshasikia fundi akishauri kwa uso mkavu yawekwe mafuta ya gia, "yote si mafuta?" Hapana, mzee wangu. Mafuta ya petroli na ndugu zake yanavimbisha raba za breki, na raba ikivimba utabadilisha mfumo mzima. Mafuta halali yana alama ya DOT, na hata hayo yana kasoro yake: mengi yake yanafyonza unyevu wa hewani, na sisi wa pwani unyevu tunao wa kugawa. DOT 3 mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanywa maji kidogo tu, kiwango chake ni nyuzi 140. Teremka mlima Kitonga na mguu juu ya breki muda wote, kalipa zitapata moto, maji yale yatageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa tu. Pedeli inakwenda sakafuni, na safari hii salamu haziitikiwi.

Shemeji Kitonga anaiteremka kwa nyutro, injini imezimwa, eti anabana mafuta. Injini za kisasa, ukiteremka na gia bila kukanyaga moto, zinakata mafuta zenyewe. Anachobana ni busta, ambayo inamsaidia mguu kwa kuvutwa na injini hiyohiyo aliyoizima. Akikanyaga mara mbili tatu msaada umekwisha na pedeli imekuwa ngumu ya kupasulia nazi. Nilishuka garini nikiwa na imani zaidi kuliko nilivyopanda.

Hatimaye alikubali kwenda gereji. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, na kwa sababu nisizozijua mtu wa kwenye pedeli huwa mimi. Fundi anaingia chini, anaanza gurudumu la nyuma kushoto lililo mbali na masta silinda, anafoka: "Pampu! Pampu! Shika!" Nashika. Analegeza nati, pedeli inazama, povu linatoka, anakaza. "Achia!" Tulikwenda hivyo magurudumu yote manne, paja likawaka moto. Mafuta machafu yakakusanywa kwenye chupa ya soda, meusi, yana mapovu. Halafu fundi akainyanyua ile chupa, akaitazama juani, akaanza kuyamimina kwenye kikopo cha boneti.

"Fundi, hayo si ndiyo tuliyoyatoa?"

"Bosi, tumetoa upepo. Mafuta hayana kosa."

Shemeji akatikisa kichwa kuafiki. Nikaenda mwenyewe duka la spea kununua kopo jipya, kwa hela yangu, kwa gari la mtu. Niliporudi nikamkuta fundi anaulizwa habari ya handibreki. Akasema handibreki ni ya waya, mafuta hayahusiki, na huo waya ulishakatika zamani. Kisha akafungua buti na kumwonyesha shemeji jiwe lake, akalisifu kwamba ni la saizi nzuri.