Barua ya Wazi kwa Kamati Ambayo Bado Haijateuliwa

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Ujenzi,
Jumba Jipya la Sanaa za Maonyesho,
Dodoma.

YAH: USHAURI WA BURE KABLA HAMJATEULIWA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Najua hamjateuliwa. Baadhi yenu hata hamjui kwamba mnaipenda sanaa. Mtajua siku ya kusaini posho ya kikao cha kwanza. Lakini jiji linakua. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,000 na ushei, ya 2022 ikatukuta zaidi ya 765,000, na tangu treni ya umeme ianze kufika huku 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kuja kutudharau asubuhi na jioni akalala kwake. Mji wa namna hiyo lazima utaulizwa: jumba lenu la sanaa liko wapi? Hapo ndipo mtakapoundwa. Nimeona niwahi, maana kamati ikishakunywa chai ya kwanza huwa haishauriki tena.

Mtaanza na ziara ya mafunzo, na mimi napendekeza Sydney. Jumba lao la opera lilifunguliwa 1973, mwaka uleule ambao TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, kwa hiyo sababu ya kwenda mnayo. Lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia, likaishia milioni 102, likachelewa miaka 10. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, aligombana na wakubwa akaondoka 1966, na hadi anakufa hakurudi kuliona likiwa limekamilika. Mtarudi na picha nzuri pamoja na funzo mtakalolipenda: hesabu ikizidi mara 14 watu husahau, mradi paa lipendeze.

Limuru, nchini Kenya, msiende. Pale Kamiriithu, 1977, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea jukwaa la wazi kwa mikono yao, bila upembuzi yakinifu wala mgeni rasmi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walifurika. Ikabidi serikali iupige marufuku mchezo, imweke kizuizini Ngũgĩ wa Thiong'o, na mwaka 1982 itume askari wakalibomoe jukwaa lenyewe. Ukumbi unaojaa kiasi hicho unaisumbua dola. Wa kwenu hautamsumbua mtu yeyote, mkinisikiliza.

Sakafu ya jukwaa iwe ya marumaru, zile zinazong'aa mpaka mheshimiwa akiinama anaona tai yake imekaa upande. Zinapendeza kwenye picha za uzinduzi. Baadaye watakuja akina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo, miguu mitupu, kila mmoja ameibana ngoma katikati ya mapaja, mikono inapiga huku mwili mzima unasogea. Mmoja akiteleza, MC atawahi kusema kwamba hiyo nayo ni sehemu ya mchezo.

Na kuna suala la moto. Ngoma ya ngozi haitoi sauti ya maana mpaka ioteshwe moto, na kila mpigaji anajua hilo kuliko anavyolijua jina la waziri wake. Kikundi kikifika mahali, kabla ya salamu kwisha, mtu ameshakusanya majani makavu pembeni, anawasha, anaigeuza ngoma juu ya ndimi za moto, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha. Ninyi fungeni ving'ora vya moshi na mbandike tangazo kubwa: MARUFUKU KUWASHA MOTO ENEO HILI. Ngoma zitapigwa zimelegea, nanyi mtatikisa vichwa na kusema wasanii wetu wanahitaji kujengewa uwezo. Mtaandaa semina ya siku tatu. Itafanyika humohumo ukumbini, na kwa kweli hiyo ndiyo kazi ambayo jumba litaifanya vizuri kuliko zote.

Ilimba, ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, nayo haina kelele. Utamu wake uko kwenye ule mtetemo mwembamba unaotoka kwenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na mtu anatakiwa anyamaze ili ausikie. Kwa hiyo nunueni kiyoyozi kinachonguruma. Lakini wapiga ilimba nao watanufaika: jumba likikaa miezi bila onyesho, buibui watajaa kila kona, na mafundi wa ilimba watajichumia utando bila gharama.

Jina nalitabiri. Mtauita Ukumbi wa Hukwe Zawose, na hapo kejeli naiweka pembeni kidogo, kwa sababu mzee yule anastahili. Alitoka huku Ugogo, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akarekodi na lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza, dunia ikamsikiliza mpaka alipofariki 2003. Mpeni jina hilo kwa herufi za shaba. Kisha pangeni kodi ya siku moja ambayo kikundi cha kijijini hakitaimudu hata kikiuza ngoma zote na mbuzi wawili juu, ili herufi hizo zikae zikitazama send-off na mikutano mikuu ya SACCOS.

Mbele wekeni safu tatu za sofa zenye vitambaa vyeupe na maji ya chupa. Zitabaki tupu baada ya hotuba, maana wenyewe wana ratiba nyingine, na msanii ataimbia chupa. Chumba cha kubadilishia nguo kiwe kimoja, wanawake na wanaume wapokezane, na ndani ya mwaka kigeuzwe stoo ya viti. Siku ya kukata utepe, kikundi cha ngoma kiitwe saa moja asubuhi kwa ajili ya mgeni rasmi atakayefika saa sita. Kitacheza getini, juani, dakika mbili. Mgeni atapunga mkono bila kusimama. Ndani wasanii hawataingia, kadi zitakuwa zimekwisha. Itifaki itakuwa imezingatiwa.

Hatari iliyobaki ni moja tu: mpiga ngoma wa kweli apenye kwenye kamati. Ataleta maneno ya ajabu. Atataka jukwaa la mbao, na nje uwanja wa udongo wenye mabenchi kuuzunguka, kwa sababu ngoma yake haijawahi kutazamwa kutoka upande mmoja kama televisheni. Atataka mahali pa kuotesha ngoma, choo cha wasanii, siku za mazoezi bila malipo. Atauliza kama kuna yeyote kati yenu aliyewahi kufika Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, akakaa mpaka mwisho, akawauliza wale watu wanahitaji nini. Msibishane naye. Mwambieni hoja yake imepokelewa, mwandikeni kwenye kamati ndogo ya mapambo, na kikao kiendelee.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Nkuhungu

Nakala:
Mkandarasi wa marumaru – kwa utekelezaji.
Kikundi cha ngoma kilichopo getini – kwa subira.