Samaki wa Kuangalia

Bukavu hii ina kila kitu. Ukiwa na pesa na magoti ya kupandia vilima, utapata godoro la Dubai, kuku wa Brazili aliyeganda tangu mwaka juzi, suruali aliyoichoka Mmarekani, na hata fundi wa kufufua simu iliyotumbukia chooni. Lakini muulize mtu ni wapi panapouzwa samaki hai wa kuweka ndani ya kioo sebuleni. Atakupima kuanzia viatu hadi kofia, halafu atakuelekeza kwa mchungaji anayeombea watu wenye matatizo ya kichwa.

Aliyeniponza ni mjukuu wangu. Ameangalia ile filamu ya Nemo, samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, mpaka anamtangulia mwigizaji maneno. Basi juzi akatangaza mbele ya wageni kwamba nyumba isiyo na samaki ni nyumba ya maskini. "Koko, tuko na ziwa. Tunakosa samaki namna gani?" Wageni wakanigeukia mimi, kana kwamba ziwa Kivu nimelificha chini ya kitanda.

Nikaanzia soko la Nyawera. Mama muuza sambaza alikuwa amekaa nyuma ya beseni lake, kikombe cha kupimia mkononi. Nikamwambia sitaki samaki wa kula, nataka wa kuangalia. Akaacha kupima. "Papa, kuangalia ni bure. Angalia tu. Kula njo bei." Wenzake wakacheka mpaka nzi wakahama. Nilinunua kikombe kimoja kwa aibu.

Na msidhani hatujawahi kuwa na duka. Tulikuwa nalo! Kijana mmoja, ambaye simtaji kwa sababu madeni yake hayajaisha, alileta samaki wa dhahabu kutoka Kampala kwa basi, wakiwa kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Akapanga vioo vitatu, akatandika changarawe, akachomeka pampu, akaandika ubaoni "Poissons d'ornement" kwa rangi ya buluu. Watu walijaa. Wanafunzi waliokuwa wakitoka shuleni walibandika pua kwenye kioo mpaka kikawa na ukungu. Wamama waliuliza kama wakikaangwa wanatoa mafuta. Mzee mmoja alitaka kujua wanaombewa nini. Kununua, hakuna aliyenunua.

Halafu ukaja msimu wa umeme wa kubahatisha. Samaki wa kioo si wa ziwani. Hewa yake inatoka kwenye pampu, na pampu inataka umeme usiku na mchana. Yule kijana hakukata tamaa. Alimweka mdogo wake mbele ya vioo na kikombe, achote maji na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa, kazi ambayo kweli husaidia, mradi mchotaji asisinzie. Mtoto ni mtoto. Kulipokucha samaki walikuwa juu ya maji, ubavu mmoja mmoja, na jirani alishauliza kama wanauzwa kwa kilo.

Leo vioo viwili havijulikani viliko. Cha tatu kiko mlangoni pa duka lilelile, kimejaa mandazi. Nzi hawaingii, mteja anaiona mali, na ukungu wa pua za watoto bado upo. "Mandazi haiombi umeme, papa," kijana aliniambia akipangusa kioo. Biashara imepanda. Sina la kumlaumu, ila nasikitika kwamba mandazi yetu yana makazi bora kuliko wapangaji wengi wa Kadutu.

Mchawi wa umeme nimemtafuta, na nimemkuta ana sura ya kwetu. Mji huu umekaa pale pale mto Ruzizi unapotoka ziwani. Mtambo wa Ruzizi II unazalisha umeme tangu 1989 kwa ajili yetu, Rwanda na Burundi, na juu yake kuna Ruzizi I iliyojengwa na Wabelgiji. Sasa mvua ikinyesha, chupa zote za plastiki tulizozitupa kwenye mitaro zinateremka vilima, zinaingia ziwani, zinaelea taratibu hadi mdomo wa Ruzizi, na pale zinakwenda kuziba mitambo. Wafanyakazi hushinda wakizitoa majini. Kwa hiyo bwana aliyekunywa soda Bagira na kutupa chupa dirishani ana damu ya samaki mikononi, hata kama hajui.

Kwenye barabara ya Lumumba nilionyeshwa suluhisho la kisasa: kisanduku cha Kichina chenye samaki wa plastiki, taa na betri. Wanazunguka. Muuzaji akanihakikishia kwamba hawafi, hawali na hawadai maji. Mjukuu aliwatazama, akaniuliza kama na mimi nitanunuliwa koko wa betri. Tukaondoka.

Nikampigia mpwa wangu aliyeko Köln, Ujerumani, maana yeye ana ugonjwa huu wa samaki. Akaanza kulia kabla yangu. Duka la samaki la mtaani kwake limefungwa. Mzee aliyekuwa akishauri wateja na kuuza chakula cha samaki kwa mizani amestaafu, na pale sasa wanarembesha kucha. Siku hizi anaagiza kwa simu, samaki wanakuja asubuhi ndani ya boksi jeupe la kuzuia baridi. "Lakini tonton, njoo uone nilichopata," akasema, akanitumia picha. Samaki mweusi, kiunoni mshipi mpana wa rangi ya chungwa. "Anaitwa Bemba. Yuro 25 mmoja, na lazima ununue kundi, wakiwa wawili watatu wanauana."

Bemba! Bemba ni kijiji cha mwambao wa Tanganyika, kusini mwa Uvira. Kutoka hapa Bukavu hadi Uvira ni kama kilomita 130. Mpwa wangu akaendelea kunisomea orodha ya muuzaji wake: Kiriza, Caramba, Moba, Kapampa, Moliro. Nilidhani ananisomea vituo vya boti. Kumbe samaki hao, jamii ya Tropheus na ndugu zao, hawapendi kuvuka mchanga wala maji marefu. Kila kundi limezaliana kwenye mawe yake hadi likawa na rangi yake, ndiyo maana wanauzwa kwa jina la kijiji. Mama wa samaki hao analea mayai mdomoni, machache tu, kwa hiyo ukiwavua ovyo wanakwisha upesi. Mjerumani anaijua Kiriza kwa rangi ya mkanda wa samaki wake, na eneo lenyewe la Fizi hawezi kulionyesha kwenye ramani. Samaki mwingine mkubwa mwenye nundu kichwani, wa Moba, hadi leo wanamuuza kwa jina la Zaire. Nchi ilibadilishwa jina Mei 1997, samaki bado ana kitambulisho cha Mobutu.

Nani aliwafungulia njia? Tanganyika ina spishi zaidi ya 200 za ukoo mpana wa samaki hao, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na Mbelgiji Pierre Brichard aliliona hilo mapema. Akaweka makao Bujumbura, akawa anavua na kupeleka ng'ambo, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake kikubwa kuhusu samaki wa ziwa lile. Samaki mmoja mzuri mwenye mkia wa ncha mbili ndefu amepewa jina lake. Sisi huku, Uvira tuna kituo cha utafiti tangu enzi za IRSAC, taasisi ya sayansi ya wakati wa ukoloni, Lwiro tuna jumba la kifahari la sayansi, na duka hatuna.

Si kwamba hatujawahi kusafirisha samaki hai kutoka Tanganyika. Sambaza mnaowala wenyewe ni wageni: waliletwa kati ya 1958 na 1960, kwa sababu Kivu ilikuwa na chakula kingi katikati ya ziwa na hakuna samaki wa kukila. Wakapokelewa, wakapewa kikaango. Mwaka 2006 akaonekana Kivu mgeni mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, mwembamba, mwenye madoa ya buluu yanayometameta akipigwa na jua. Huko Ulaya wanamsujudia. Wanasema ni mwoga, akishtuliwa njiani anakufa, kumsafirisha ni kazi ya wataalamu. Kwetu amefika bila tikiti, amezaa kwenye mawe ya ufukweni, anakula kile kile wanachokula sambaza, na nimemwona kwenye beseni, amechanganywa nao, anasubiri chumvi.

Kwa hiyo maji tunayo. Mpwa wangu anatia chumvi za dukani kwenye maji ya bomba ili yawe magumu kama ya Tanganyika, wakati ya Kivu yana chumvi zake za asili na mtoto anaweza kuyapandisha kwa bidoni. Samaki tunao. Watazamaji tunao, na pua zao. Kinachokosekana ni umeme wa usiku kucha na mtu mmoja mwenye moyo mgumu.

Vijana wa Uvira mnaojua kuzamia, ombi langu ni hili. Njia ikiwa wazi, leteni hao Bemba wachache, kwa kibali na kwa kiasi, mfungue duka hapa. Ubao uandikwe kwa Kiswahili, na pampu iwe ya jua. Mimi nitakuwa mteja wa kwanza, kwa sharti moja tu: bei isiwe ya Köln.