Pauni 34 na Sufuria ya Pilau

Kwa muda wa saa nzima, Februari 2025, baba mmoja wa Tanga anayeishi Leicester, Uingereza, alikuwa tajiri. Fundi wa pampu za joto alikuwa ametoka kumwambia kwamba kila uniti moja ya umeme ingemletea uniti tatu za joto. Baba akavuta bahasha ya bili. Gesi yake ya mwaka, ukiacha ada za kila siku, ilimgharimu pauni 729. Akagawa kwa tatu. Pauni 486 zimeokoka! Akamfuata mkewe jikoni kuzungumzia nauli ya kwenda nyumbani Desemba.

Fundi hakudanganya. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji hulitoa joto kwenye maziwa na nyama, ikalitupia jikoni kwa nyuma. Pampu huliokota joto nje, hata siku ya barafu, ikaliingiza kwenye radieta. Umeme ni kuli tu, kazi yake kubeba. Lord Kelvin aliliwaza jambo hili mwaka 1852, na kwa kuwa aliishi Glasgow, hatuna haja ya kuuliza kilichomsukuma.

Binti yao aliye sekondari ndiye aliyeharibu safari. “Kwani baba, uniti ya umeme ni bei gani?”

Peni 24.86. Ya gesi, peni 6.34.

Wakahamia meza ya chakula na kuanza upya. Nyumba yao ilitumia uniti 11,500 za gesi kwa mwaka, kiasi kilichohesabiwa huko wakati huo kuwa cha kawaida. Boila lao kuukuu lilipoteza kama 15 katika kila 100, kwa hiyo joto lililowafikia lilikuwa uniti 9,775. Gawa kwa tatu, zidisha kwa bei ya umeme: pauni 810. Pampu imeizidi gesi kwa pauni 81!

Baba alikaa kimya kwa muda, kisha akaiona ada ya kila siku ya gesi: peni 31.65, uwashe usiwashe. Kwa mwaka ni pauni 115 na ushei. Ukikatisha gesi kabisa, unabaki mbele kwa pauni 34. Nauli ya Tanga sasa ilitosha kumfikisha London, kurudi atajua mwenyewe. Lakini serikali ilikuwa ikitoa ruzuku ya pauni 7,500, na mtu aliyekwisha kutangazia ukoo mzima harudi nyuma kirahisi. Oktoba pampu ikafungwa.

Siku ya kwanza alishika radieta, akaikuta vuguvugu, akampigia fundi simu kwamba mashine ni mbovu. Si mbovu. Pampu hupeleka maji ya nyuzi kama 45, si 70 za boila, na hufanya kazi polepole kutwa kucha. Baba, aliyelelewa kuzima kila swichi ili umeme wa LUKU usiishe, alikuwa akiizima pampu kila usiku. Asubuhi nyumba ilikuwa kama machinjio, na mashine ilinguruma hadi adhuhuri kufidia. Kisha siku moja ya sakitu wingu jeupe likafumka nje, na jirani akagonga mlango kuwatoa watu kwenye moto. Ilikuwa pampu ikijiyeyushia barafu.

Hayo yote mkewe aliyavumilia. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba gesi inayokatwa ni pamoja na ya kupikia.

Jiko jipya lilikuwa la kioo, lile linalopasha chombo kwa sumaku. Aliweka juu yake sufuria ya alumini aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, ile aliyoipakata kwenye ndege kutoka Dar es Salaam. Dakika kumi. Maji baridi.

“Baba watoto, jiko lako halina habari na mimi.”

Baba akachukua kijisumaku cha mlangoni mwa friji akaanza kuvigusisha vyombo, kimoja kimoja. Sufuria ya pilau, kikadondoka. Ya mchuzi, kikadondoka. Ya uji, vilevile. Alipofika kwenye chuma cha chapati kilichokuwa chini kabisa ya kabati, kikanata, naye akapiga kelele kama aliyefunga goli.

Wiki hiyo familia ilikula chapati siku nne mfululizo. Ya tano baba alikwenda dukani kununua sufuria, akarudi na tatu, na risiti ya pauni 62.