Chai ya Kikao

Nyumba ya kupanga yenye luku moja ina sheria yake ya umeme, nayo haimo katika kitabu chochote cha fizikia: anayemaliza uniti ni yule ambaye hayupo. Aliyepo ana taa moja tu na chaji ya simu.

Kwetu umeme ni kitu kimoja. Ukiwa mdogo, feni inazunguka kivivu. Ukiwa mkubwa, unaunguza televisheni. Kumbe mna mambo matatu humo: volti ni msukumo, ampia ni mkondo wenyewe unaopita, na omu ni ukinzani, yaani ubishi wa waya. Mjerumani Georg Ohm aliyaandika haya kitabuni mwaka 1827: gawanya msukumo kwa ukinzani, unapata mkondo. Wasomi wa kwao walikipokea kitabu kwa ubaridi mkubwa. Angepanga kwetu, asingeona tofauti.

Koridoni kuna soketi moja inayoaminika, na hapo imechomekwa ekstensheni ya waya mwembamba inayotuhudumia sote. Alfajiri, kijana wa chumba cha mbele anapiga pasi ya wati 1,000. Dada wa jirani anachemsha birika la wati 2,000. Shemeji yake ametumbukiza kwenye ndoo hita ya wati 1,500. Wati ni volti mara ampia, basi gawanya wati hizo kwa volti 230: jumla ni karibu ampia 20. Fyuzi ya plagi ni ya ampia 13.

Fyuzi ikafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya: ikaungua. Ikawekwa nyingine, nayo ikaungua. Ikaamuliwa kwamba fyuzi za siku hizi ni feki. Mzee wa chumba cha nyuma, ambaye ni fundi kwa sababu ana bisibisi, akaivika fyuzi iliyokufa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akairudisha mahali pake. "Hii haiungui," akatangaza.

Na kweli haikuungua. Viliungua vingine vyote.

Kwanza ilikuja harufu, kila mtu akaenda kuangalia sufuria yake. Halafu plagi ikageuka rangi ya kahawia, pini moja ikalala upande ndani ya plastiki iliyolainika. Waya nao, uliokuwa umeviringishwa chini ya rafu ya viatu, ukaganda mkunjo kwa mkunjo. Mkondo ukiongezeka mara mbili katika waya uleule, joto huongezeka mara nne, na joto hilo lilikuwa limekosa pa kutokea.

"Leo umeme umekuja mkubwa," dada akasema.

Akaitwa fundi wa kweli. Akachomeka kipimo chake kwenye soketi: volti 224. "Umeme wenu hauna neno," akasema. "Waya ndio mdogo. Nyie mkitoka wote na ndoo asubuhi, hamsuguani humu koridoni? Na humo ndivyo hivyo hivyo."

Kisha akamwona shemeji akionja joto la maji kwa kidole, hita ikiwa bado imechomekwa, safari hii kwenye soketi ya chumbani kwake. "Nimevaa ndara, fundi," shemeji akajitetea. Fundi akachomoa plagi kwanza, maneno baadaye. Ndara kavu ya mpira ina ukinzani mkubwa, ni kweli, lakini mwili uliolowa unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Volti 230 hapo hupitisha ampia 0.23, ilhali vifaa vya kumkinga mtu hupangwa vikate umeme ukivuja kwa ampia 0.03 tu. Shemeji akatazama kidole chake kwa heshima mpya.

Jioni baba mwenye nyumba akaitisha kikao. Ana chuki ya siku nyingi na taa za mchana, akaanzia hapo. Kijana wa chumba cha mbele akajaribu hesabu: birika likichemka dakika 6 hula uniti 0.2, taa ya wati 9 huhitaji saa 22 kufikia hapo. Akaambiwa asilete usomi mbele ya wazee.

Kikao kikaazimia kwamba atakayekutwa na taa inayowaka mchana atachangia zaidi kwenye luku. Birika halikutajwa. Lilikuwa jikoni, likichemsha chai ya wajumbe.